Kuchuchumaa na Kutabasamu: Mwongozo kwa Ndugu wa Majeruhi

Katika kliniki ya mifupa kuna kipimo kimoja kisichohitaji mashine wala umeme. Mgonjwa aliyevunjika paja na kuwekewa chuma ndani ya mfupa husimama mbele ya daktari, akaambiwa achuchumae kadiri awezavyo, kisha atabasamu. Daktari hutazama mambo matatu: ameshuka hadi wapi, ameshika ukuta au hakushika, na uso wake unasema nini. Mtu ambaye mfupa wake haujaunga anaweza kulazimisha goti likunjike, lakini uso hutoa siri.

Kipimo hiki kilifanyiwa utafiti Dar es Salaam, kwa wagonjwa wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili ambayo wengi tunaiita MOI, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Kinamsaidia daktari kujua nani anapona na nani bado, hasa pale ambapo picha ya eksirei ni ghali au haipatikani.

Kati ya siku ya ajali na siku hiyo ya kuchuchumaa kuna hatua nyingi, na kila hatua ina wakati wake. Tafiti za miaka ishirini na zaidi iliyopita zimetuonyesha wakati huo ni upi. Nyingi ya hatua hizo ziko mikononi mwa watu wasiovaa koti jeupe: dereva wa bodaboda aliyefika wa kwanza, mama mwenye genge kando ya barabara, ndugu anayekesha kwenye kiti pembeni ya kitanda. Makala haya ni kwa ajili yao.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa majeraha ya kila aina, yaani ajali, moto, kuanguka, vipigo na mengineyo, huua watu milioni 4.4 kila mwaka. Ajali za barabarani peke yake huua watu wapatao milioni 1.19, na zaidi ya 9 katika kila 10 hufia katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama zetu.

Dakika za kwanza: zuia damu

Pikipiki imeanguka. Watu wamejaa, wengine wameshatoa simu kupiga picha. Majeruhi amelala ubavu na damu inatoka pajani kwa kasi. Hapo kazi ya kwanza ni moja: kuzuia damu.

Chukua kanga, shati au kitambaa chochote kilicho safi kuliko vingine. Kikunje mara nne, kiweke juu ya jeraha, kandamiza kwa viganja viwili huku mikono yako imenyooka na uzito wa mwili wako uko juu yake. Ukiwa na glavu zivae. Usipokuwa nazo, mfuko wa plastiki utakukinga na damu ya mwenzako. Usiinue kitambaa kila dakika kuchungulia, maana kila unapoinua unabandua damu iliyoanza kuganda. Kikilowa, ongeza kingine juu yake na uendelee kukandamiza hadi hospitali. Kama kuna nondo, kisu au kipande cha kioo kimezama mwilini, usikichomoe, kwa sababu huenda ndicho kinachoziba mshipa.

Damu ikitoka mkononi au mguuni na mkandamizo ukashindwa kabisa, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa kuelekea kiwiliwili, ukikaze kwa kijiti mpaka damu ikome. Andika saa uliyofunga, hata kwa kalamu juu ya ngozi, na umwambie muuguzi mara tu mnapofika.

Aliyegongwa au kuanguka kutoka juu achukuliwe kama mtu aliyeumia shingo na mgongo mpaka daktari aseme vinginevyo. Tafuteni watu wanne, mmoja ashike kichwa kilingane na mwili, mumnyanyue kwa pamoja na kumlaza juu ya ubao au mlango. Kumbeba kwa kushika makwapa na miguu, huku kiuno kinaning'inia, kunaweza kukata uti wa mgongo ambao ajali yenyewe haikuukata. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua ageuzwe ubavu kwa uangalifu, ili damu na matapishi visimzibe koo. Usimpe maji, chai wala soda, maana huenda ataingia chumba cha upasuaji ndani ya saa hiyo hiyo.

Je, mtu wa kawaida anaweza kujifunza haya? Mjini Kampala watafiti waliwafundisha watu 307 wasio wataalamu wa afya, wakiwemo polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, namna ya kuwahudumia majeruhi. Miezi sita baadaye wengi wao walikuwa wameshayatumia mafunzo hayo. Kijiwe chochote cha bodaboda kinaweza kumwita muuguzi au watu wa Msalaba Mwekundu wakafundishwa mambo hayo hayo.

Saa tatu za kwanza: kila robo saa ina thamani

Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa unaoitwa CRASH-2, ulioratibiwa kutoka London. Ulihusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika hospitali 274 za nchi 40. Nusu walipewa asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, na nusu walipewa dawa bandia, yaani isiyo na dawa ndani yake, ili kulinganisha. Dawa yenyewe si mpya: iligunduliwa Japani miaka ya 1960 na Utako Okamoto pamoja na mumewe Shosuke, nao walikuwa wakitafuta namna ya kuwaokoa kina mama wanaotokwa damu baada ya kujifungua.

Waliopewa dawa hiyo walikufa wachache zaidi. Lakini somo kubwa lilikuwa kwenye saa. Kati ya kila majeruhi 1,000 waliopewa dawa ndani ya saa moja, 53 walikufa kwa kutokwa damu. Kati ya 1,000 waliopewa dawa bandia katika muda huo huo, walikufa 77. Kati ya saa ya kwanza na ya tatu faida ilikuwepo, ingawa ilipungua. Baada ya saa tatu mambo yaligeuka: waliopewa dawa walikufa kwa damu wengi zaidi kuliko wasiopewa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa kila dakika 15 za kuchelewa hula takriban sehemu moja ya kumi ya faida ya dawa. Tangu mwaka 2011 dawa hii imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya majeruhi, na bei yake si kubwa.

Kwa ndugu na msamaria mwema, maana ya takwimu hizo ni hii. Kwanza, mpeleke majeruhi moja kwa moja kwenye kituo chenye uwezo wa kuongeza damu na kufanya upasuaji, ikiwa kipo karibu. Safari ya kupitia duka la dawa, kisha zahanati, kisha kituo kingine, hula saa tatu bila mtu kujua. Pili, kumbuka saa ya ajali. Ukifika mapokezi, maneno yako ya kwanza yawe: "Ameumia saa mbili na robo asubuhi, amegongwa na gari, ametokwa damu nyingi." Tatu, uliza kwa adabu: "Daktari, je, anafaa kupewa dawa ya kuzuia damu kuendelea kutoka?" Uamuzi ni wa daktari, ila swali lako linamkumbusha saa.

Tanzania, majeruhi wa ajali au kipigo huandikiwa fomu ya polisi namba 3, yaani PF3. Fomu hiyo ina kazi kubwa baadaye, mahakamani na kwenye madai ya bima, lakini damu haisubiri mhuri. Gawaneni kazi: mmoja aende na majeruhi hospitali, mwingine aende kituo cha polisi. Kenya, Katiba ya mwaka 2010 katika Ibara ya 43(2) inatamka kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Mkifika, usishangae muuguzi akianza kwa kuhesabu pumzi, kupima presha na kuuliza umri badala ya kukimbilia dawa. Huko Uganda, Dkt. Olive Kobusingye na wenzake walitengeneza alama za kupima ukali wa majeraha zinazojulikana kwa jina la Kampala. Zinatumia mambo matano tu: umri, presha, kasi ya kupumua, hali ya fahamu, na idadi ya majeraha makubwa. Kwa hayo matano mhudumu anajua nani hawezi kusubiri foleni. Ndiyo maana aliyefika baada yenu anaweza kuhudumiwa kabla yenu. Anayepiga kelele ana pumzi ya kupigia kelele. Aliyenyamaza ndiye wa kuogopewa.

Kichwa: usimwache alale bila kumtazama

Kwa miaka mingi madaktari duniani waliwachoma waliopigwa kichwani dawa za steroidi, wakiamini zinapunguza uvimbe wa ubongo. Utafiti wa kwanza wa CRASH uliipima imani hiyo kwa wagonjwa 10,008 na ukasimamishwa mapema mwaka 2004. Katika wiki mbili za kwanza walikufa asilimia 21.1 ya waliopewa dawa, na asilimia 17.9 ya wasiopewa. Tiba iliyoaminiwa kwa moyo mweupe ilikuwa ikiua. Ndugu msomaji, hii ndiyo sababu hospitali hufanya utafiti: nia njema ya daktari haitoshi kuthibitisha kwamba dawa inaponya.

Mwaka 2019 utafiti wa CRASH-3, wenye wagonjwa 12,737, ulionyesha kuwa asidi ya traneksamiki ikitolewa ndani ya saa tatu hupunguza vifo kwa wenye jeraha la kichwa la kiasi kidogo au cha kati. Kwa waliokwisha kuwa mahututi faida haikuonekana. Hivyo yule anayeongea na kutembea baada ya kugonga kichwa ndiye hasa anayepaswa kuwahishwa. Msimrudishe nyumbani "akapumzike" kabla hajaonwa.

Akiruhusiwa na daktari kurudi nyumbani, mtu mmoja akae naye siku ya kwanza na usiku wake, na amwamshe mara kwa mara. Mrudisheni hospitali bila kusubiri asubuhi mkiona lolote kati ya haya:

- anatapika tena na tena, au kichwa kinazidi kuuma;
- haamshiki, au akiamka anachanganya watu na mahali;
- mboni moja ya jicho imepanuka kuliko nyingine;
- maji meupe au damu vinamtoka puani au masikioni;
- anapata degedege, au upande mmoja wa mwili unakosa nguvu.

Na kabla ya yote hayo, kuna kofia ngumu. Mapitio ya tafiti nyingi za waendesha pikipiki yaligundua kuwa kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69, na hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42. Faida hiyo ni ya mtu aliyefunga kamba ya kidevuni. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimsaidii mtu. Abiria, dai ya kwako kabla hujapanda.

Mfupa uliotoboa ngozi

Mfupa ukitokeza nje, mlango wa vijidudu umefunguka. Funika jeraha kwa kitambaa safi, funga kiungo kwenye ubao kama kilivyo, na mkimbize majeruhi hospitali. Usipake kahawa, majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Utafiti umethibitisha kuwa antibiotiki za mapema hupunguza maambukizi ya majeraha hayo kwa zaidi ya nusu. Muulize mhudumu kama dawa imetolewa, na kama majeruhi amechomwa chanjo ya pepopunda.

Ndani ya chumba cha upasuaji jeraha huoshwa kwa maji mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 2,400 wa nchi mbalimbali, ulilinganisha maji ya chumvi ya hospitali na maji ya sabuni. Kati ya waliooshwa kwa sabuni, asilimia 14.8 walilazimika kurudi kupasuliwa; kati ya waliooshwa kwa maji ya chumvi, asilimia 11.6. Cha bei rahisi kilishinda, na hospitali yoyote ya wilaya inaweza kuwa nacho.

Kisha kuna swali la kushikilia mfupa. Pale MOI, wagonjwa 240 waliovunjika muundi huku mfupa umetoboa ngozi walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Wengine waliwekewa chuma ndani ya mfupa, wengine fremu ya vyuma nje ya mguu. Baada ya mwaka mmoja, vifo na kurudi kupasuliwa kwa sababu ya matatizo makubwa havikutofautiana sana, ingawa waliowekewa chuma ndani walijisikia vizuri zaidi katika miezi ya mwanzo na mifupa yao ilinyooka vizuri zaidi. Kwa hiyo ukimwona ndugu yako ana fremu nje ya mguu, usidhani amepewa tiba ya kimaskini. Muulize daktari kwa nini amechagua hiyo, naye atakuwa na sababu.

Chuma kinachotumika kwa wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki kina historia yake. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, hutengeneza vyuma vinavyoweza kufungwa kwa skrubu bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Daktari hufunga mkono wa chuma nje ya mguu unaomwelekeza mahali pa kutoboa, kisha huingiza kifaa chembamba na kupapasa nacho mpaka ahisi tundu la chuma lililo ndani ya mfupa. Hospitali hupewa vyuma hivyo bila malipo, nayo hurudisha taarifa ya kila upasuaji pamoja na picha.

Vipi kuhusu wanaounga mifupa kienyeji? Wengi wao ni watu wenye huruma na wanaaminika mitaani. Lakini mfupa uliotoboa ngozi, mguu uliopinda au kiungo kilichokufa ganzi si kazi yao. Nchini Nigeria madaktari wameandika mara nyingi kuhusu watoto waliokatwa mkono au mguu kwa sababu banzi lilikazwa mno damu ikashindwa kupita. Kuchua na kuvuta kiungo kilichovunjika nako huongeza damu na uvimbe. Nendeni hospitali kwanza.

Wodini: jicho la ndugu

Muuguzi mmoja usiku anaweza kuwa na wagonjwa wengi mno, na wewe una mmoja. Jicho lako ni sehemu ya tiba.

Hatari moja huja kimyakimya ndani ya plasta ngumu, ile ambayo wengi huiita P.O.P. Maumivu ya kuvunjika hupungua siku kwa siku. Yakizidi badala ya kupungua, vidole vikiuma sana vinaponyooshwa, vikiwa baridi, vimevimba au vimekufa ganzi, damu inashindwa kufika kwenye nyama za mguu. Nyama hizo hufa ndani ya saa chache. Mwite muuguzi saa hiyo hiyo, hata kama ni saa tisa usiku, na usikubali kuambiwa msubiri asubuhi.

Anayelala chali muda mrefu, hasa aliyeumia mgongo au ambaye mguu wake unavutwa kwa uzito, ageuzwe kila baada ya saa mbili kwa namna muuguzi atakavyoelekeza, na shuka lisiwe na maji wala mikunjo. Kidonda cha kulala huanza kama doa dogo la ngozi kwenye kiuno au kisigino. Mgonjwa akibanwa pumzi ghafla au kifua kikimchoma, ni dharura. Huenda damu iliyoganda mguuni imepanda kwenye mapafu. Mpe chakula cha kujenga mwili, kama maharage, dagaa, mayai na maziwa. Sigara aiache, kwani huchelewesha mfupa kuunga.

Zungumzeni pia kuhusu pombe, bila kumsimanga. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, watafiti kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliandaa mazungumzo mafupi kwa majeruhi wanaokunywa, wakayaita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Mtu aliyeponea chupuchupu husikiliza kuliko wakati mwingine wowote. Maneno ya upole pembeni ya kitanda yanaweza kuzuia ajali ya pili.

Na msisahau moyo. Mgonjwa anayeshtuka usingizini, asiyetaka kuonana na watu, au anayesema heri angekufa, anahitaji msaada wa mtaalamu kama anavyouhitaji mfupa wake.

Ukiombwa kushiriki utafiti

Karatasi ya ridhaa isikutishe, wala usiisaini bila kuielewa. Nchini Tanzania tafiti za tiba hupitiwa na kamati za maadili, ikiwemo ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Una haki ya kusomewa karatasi kwa Kiswahili, kuuliza wanatafuta nini, kujua hatari iliyopo, kupewa nakala na kukataa. Unaweza pia kukubali leo na kujitoa kesho. Kukataa hakukunyimi matibabu ya kawaida, na anayekwambia vinginevyo ripoti habari zake kwa uongozi wa hospitali. Lakini ukiridhika, kubali. Majeruhi waliokubali kabla yako ndio waliotufundisha kuhusu saa tatu, kuhusu steroidi na kuhusu maji ya chumvi.

Rudi kliniki

Wagonjwa wengi hutoweka baada ya kuruhusiwa. Nauli ni ghali, kazi imesimama, na mguu unaonekana umepona. Daktari aliyemtibu hajui kama chuma kilishika au usaha ulirudi, na mgonjwa anayefuata anatibiwa kwa kubahatisha. Acheni namba mbili za simu hospitali, ya mgonjwa na ya ndugu anayeaminika. Tunzeni kadi ya kliniki, picha za eksirei, nakala ya PF3 na risiti zote. Kwa bima ya gari lililomgonga au kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, karatasi hizo ni ushahidi. Tengeni nauli ya kliniki kama mnavyotenga pesa ya dawa, na simu ya hospitali ikiita, ipokeeni.

Siku ikifika, nenda hata kama huna maumivu. Chuchumaa mbele ya daktari wako na utabasamu, ili ajue umepona, na ajue la kumfanyia atakayeletwa kesho.